Mlima una picha, mtoto hana

Mwaka 1906 Mwitaliano Vittorio Sella alipanda milima ya Ruwenzori na msafara wa mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, akapandisha kamera mpaka kwenye theluji. Picha zake zipo hadi leo. Wataalamu wanazilinganisha na za sasa ili waone barafu imepungua kiasi gani. Basi mlima huu tunaouona tukiwa Kasese una picha ya miaka zaidi ya mia. Binti yangu wa kwanza hana hata moja.

Zilikuwepo nne. Zilikaa kwenye albamu pamoja na ile ya baba yangu, amevaa koti la kuazima. Mauaji yalipoanza Beni mwezi wa kumi 2014, tulibeba sufuria, blanketi na watoto. Albamu nani angeikumbuka? Tukapita Kasindi, tukavuka Mpondwe, shangazi akatupokea Bwera. Wanande na Wakonzo ni ndugu, mpaka ulitukuta. Mwaka uliofuata malaria ikamchukua binti.

Kwetu majina yanafuata zamu ya kuzaliwa, na binti wa kwanza ni Masika. Hebu ita "Masika!" pale sokoni Mpondwe uone wangapi watageuka. Jina peke yake halinirudishii uso wake. Kaka yake ananiuliza, mama, alifanana na nani? Namwambia, na wewe. Sina uhakika tena.

Wale wawili waliobaki walipigwa picha ya kwanza siku ya kuandikishwa kambini. Kaa hapo, usicheke, kwisha. Sisemi ni vibaya, kadi inatulisha. Ila picha yenyewe iko kwenye kompyuta ya watu.

Seydou Keïta wa Bamako, kule Mali, alifungua studio mwaka 1948. Alipigia watu picha uani, kwa mwanga wa jua, na kitambaa chake cha nyuma cha kwanza kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Kila baada ya miaka michache alibadilisha kitambaa. Baadaye, akiangalia kitambaa tu, alijua picha ni ya wakati gani. Hilo ndilo nililoiba kwake.

Kila likizo tukienda Bwera, natundika kitenge ukutani, upande wa uani, asubuhi kabla jua halijawa kali. Kitenge kipya kila mwaka, vya shangazi haviishi! Mtoto anasimama, napiga kwa simu, natuma dukani wachape. Nyuma naandika tarehe na urefu wake. Nakala moja inabaki kwa shangazi, nyingine iko kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti, karibu na mlango.

Mwaka huu mdogo hakutulia. Alicheka, mkono ukatoka kama moshi. Kijana wa dukani akaniuliza, mama, hii tuifute? Nikamwambia achape mbili.