Likoma: kanisa kubwa, kisiwa kidogo

Kisiwa cha Likoma, katika ziwa Nyasa, kina kilomita za mraba 18 hivi tu. Ndiyo maana mgeni hushangaa akisimama mbele ya kanisa kuu la Mtakatifu Petro, la Waanglikana: urefu wake unakaribia mita 100.

Wamisionari wa UMCA kutoka Uingereza walifika miaka ya 1880, wakitafuta mahali ambapo maji yangewakinga na mashambulizi ya Wangoni. Ni kwa sababu yao Likoma ni ya Malawi hadi leo, ingawa ufuko wa karibu ni wa Msumbiji.

Ujenzi ulianza mwaka 1903, kwa mawe ya kisiwani, na kanisa likawekwa wakfu mwaka 1911. Wangeweza kutafuta uwanja mwingine. Lakini walijenga Chipyela, yaani mahali pa kuchomea, ambapo watu walioshitakiwa uchawi walikuwa wakichomwa moto.

Askofu Chauncy Maples, aliyetumika Likoma miaka mingi, hakuliona kanisa hilo. Alizama ziwani mwaka 1895, akiwa njiani kurudi kisiwani. Mji unaolizunguka bado unaitwa Chipyela.