Kuunga Chuma katika Ufipa

Uwanda wa juu wa Ufipa, ulioko kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ni nchi ya majani kuliko miti. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake haisahauliwi na mgeni atokaye pwani. Katika nchi hiyo mkulima huyafukia majani ndani ya vilima vya udongo, yapate kuoza na kuwa mbolea, kisha hupanda juu yake. Kazi ambayo haiwezekani pasipo jembe la nguvu. Ndiyo maana historia ya Wafipa haielezeki vema bila kutaja chuma. Lakini liko swali ambalo waandishi wengi wamelipita upesi, nalo ni hili: kijana wa Kifipa alifundishwaje kazi hiyo, na kwa nini mafundisho hayo yalikatika?

Kwanza yafaa kueleza kazi yenyewe. Wafipa walijenga tanuri refu la udongo liitwalo ilungu, au malungu yakiwa mengi, lenye kimo cha mita tatu au zaidi. Mara nyingi lilijengwa karibu na kichuguu kikubwa, kwa kuwa udongo wa kichuguu hushikamana vizuri. Tanuri hilo halikuvukutwa na mtu. Chini yake paliachwa matundu kuzunguka pande zote, na ndani ya matundu hayo ilipitishwa mirija ya udongo. Moto ulipokolea, hewa ya moto ilipanda juu kwa wepesi wake, nayo hewa baridi ikavutwa kuingia kwa chini. Urefu wa tanuri ndio uliofanya kazi ya mivukuto. Mawe ya chuma na makaa yalitiwa kwa tabaka, na moto ukaachwa uendelee kwa siku kadhaa. Basi yeyote aliyekosea kipimo siku ya kwanza hakuwa na njia nyepesi ya kusahihisha siku ya tatu. Hapo ndipo palipokuwa na ugumu wa kuifundisha kazi hii, maana mwanagenzi hakuweza kujaribu na kurudia kama ajifunzaye kuchonga mti. Tanuri moja lilikula makaa mengi mno, na katika nchi ya majani makaa si kitu cha kuchezea.

Kilichotoka katika ilungu hakikuwa chuma safi. Chuma hakiyeyuki kikawa maji mpaka joto lifike nyuzi 1,538 za Selsiasi, na ilungu halikukusudiwa kufika huko. Kilipatikana chuma kilichochanganyikana na mavi ya chuma na makaa. Hivyo palihitajika tanuri la pili, dogo, liitwalo kintengwe, ambalo moto wake ulichochewa kwa mivukuto. Humo mavi ya chuma yaliyeyuka na kujitenga, navyo vipande vya chuma vikashikana vikawa bonge moja, tayari kwa nyundo na fuawe. Msomaji aone kwamba kuunga chuma kwa chuma kulianza hapo, kabla ya jembe lolote kufuliwa. Vipande viwili vya chuma vilivyopata joto la kutosha, visivyo na uchafu katikati, huungana vikigongwa, ingawa havikuyeyuka. Kuijua saa hiyo kwa macho, kwa rangi ya moto na cheche zake, ni elimu isiyoandikika kwa urahisi.

Elimu hiyo ilikuwa na sura mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mikono: kuchimba mawe, kuchoma makaa, kukanda udongo, kuvukuta. Hii iliwapita wote walioshiriki, kwa kuwa malungu hayakuweza kuendeshwa na mtu mmoja, na kijana aliyebeba makaa alikuwa pia na macho. Ya pili ilikuwa ya fundi mkuu, aliyetunza kapu la dawa liitwalo intangala. Tanuri jipya lilifanyiwa mambo ya bibi arusi. Mafundi walijitenga na wake zao siku za kazi, na mwanamke aliyekuwa katika siku zake alikatazwa kukaribia. Hapana shaka mwanagenzi hakuambiwa kwamba haya ni matambiko na yale ni ufundi. Kwake kazi ilikuwa moja, na ikiharibika, sababu ilitafutwa kote kuwili.

Waliokuja kuandika ndio walioigawa. Mwaka 1914 mmisionari Wyckaert alichapisha katika jarida la Anthropos makala yake kuhusu wahunzi wa kipagani na wahunzi wa Kikristo wa Tanganyika. Jina lake tu latosha kuonyesha mahali alipochora mstari. Greig akaandika juu ya uyeyushaji wa Ufipa mwaka 1937 katika Tanganyika Notes and Records. Mwaka 1958, katika jarida lilo hilo, Wise alitoa makala mbili, moja ya uyeyushaji na moja ya matambiko yake. Bila wao mengi yangepotea kabisa, na si haki kuwalaumu. Lakini mgawanyo huo ulikuwa wa wenye kalamu, na umewafanya wasomaji wengi wadhani kwamba dawa zilikuwa pambo juu ya kazi, hali kwa mwanagenzi zilikuwa pia utaratibu wa kuwashika watu wengi katika nidhamu moja kwa siku nyingi.

Wakati Wise anaandika, malungu yalikuwa yamekwisha kuzimika. Majembe ya kiwandani yalifika kwa bei ambayo fundi hakuweza kushindana nayo. Wahunzi waliendelea kufua, ila kwa vipande vya chuma chakavu. Na mtu apataye chuma barabarani hana haja ya ilungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilifungua shule ya ufundi Ifunda, karibu na Iringa, na baadaye nyingine Moshi. Huko kijana aliianza kazi ya chuma kwa chuma kilichokwisha kutengenezwa. Watafiti kama Bertram Mapunda na Randi Barndon walipokuja kuichunguza kazi ya Wafipa katika miaka ya 1990, iliwabidi kukusanya kumbukumbu za wazee na kuyasoma mavi ya chuma yaliyolala ardhini.

Sheria ya mwaka 1994 iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, na tangu mwaka 2024 mkondo wa amali umeanza kuingizwa katika shule za sekondari. Sasa kijana ajifunzaye kuchomelea, awe anatengeneza geti, tela la ng'ombe au kiunzi cha roboti cha mashindano ya shule, hupata kwa umeme, katika nukta moja, joto ambalo ilungu halikulifikia kwa siku nzima. Akikosea hukata na kurudia. Na msichana husimama mbele ya moto huo bila kuulizwa siku zake, jambo ambalo waliao juu ya kupotea kwa malungu hulisahau mara nyingi.

Malungu kadhaa yangali yamesimama katika nchi ya Nkasi, mengine katikati ya mashamba, na kuyazunguka yametapakaa mabonge meusi ya mavi ya chuma. Katika karakana, mwanafunzi akimaliza kuunga vyuma viwili kwa fito ya kuchomelea, mshono hufunikwa na gamba jeusi. Mwalimu humwamuru kwanza alibomoe kwa kinyundo, ndipo watazame pamoja kama chuma kimeshikana.