Kabla ya kotizasio ya roboti, tusome kwanza historia ya kobe



Wiki hii mu grupu yetu maneno yalikuwa moto. Wamoja wanasema kila mtu atoe kidogo, tununue kartoni ya roboti kwa watoto wa shule ya msingi. Wengine wanajibu: kwanza viti, ju kuna watoto wanaokaa chini. Mimi nilinyamaza. Leo naandika, na naanza na jambo linalonipa haya.

Miaka mitatu iliyopita, shule moja ya hapa kwetu ilipokea kartoni kama hiyo. Nilikuwa nimetoka kupata lisansi yangu ya kilimo, sina kazi, wakaniita nisaidie "ju wewe ulisoma". Siku ya kufungua kulikuwa wageni, hotuba na fanta. Niliunganisha kamotoka kenye magurudumu matatu, kakatembea juu ya meza ya mkubwa wa shule, watu wakapiga makofi na mapicha. Watoto walikuwa dirishani. Hakuna hata mmoja aliyegusa. Jioni kartoni ikaingia kabatini na ufunguo ukaenda na mkubwa. Nilipoiona tena miezi mingi baadaye, mapile yalikuwa yamevuja na kula vyuma. Kwenye zile picha niko katikati, ninacheka.

Njo maana nilianza kutafuta: nani wa kwanza alipata wazo la kuweka roboti mbele ya mtoto mdogo, na alitaka nini?

Jina lake ni Seymour Papert. Alizaliwa Pretoria, Afrika ya Kusini, mwaka 1928. Alikuwa mtu wa hesabu, na katika ujana wake alipinga siasa ya ubaguzi wa rangi. Kutoka 1958 mpaka 1963 alifanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, yule yule Piaget ambaye wenzetu wa pedagojia wanamkariri kila mtihani. Kwake alijifunza kwamba mtoto si chupa tupu tunayoijaza maji. Mtoto anajenga akili yake mwenyewe, kwa kushika vitu, kujaribu na kukosea. Kisha Papert akavuka kwenda Marekani, ku MIT.

Mwaka 1967, pamoja na Wally Feurzeig, Cynthia Solomon na wenzao, alitengeneza Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto. Tukumbuke kompyuta ya wakati ule: mashine kubwa kama kabati, mali ya jeshi, benki na vyuo vikuu. Kusema mtoto wa miaka kumi aiamrishe mashine kama hiyo, wengi waliona ni kichekesho.

Kisha kukaja kobe. Jina lilitoka Uingereza, ambako Grey Walter, mwishoni mwa miaka ya 1940, alikuwa ametengeneza mu Bristol roboti ndogo zinazotambaa kufuata mwanga, akaziita kobe. Kobe wa Logo alikuwa mashine yenye magurudumu, imefungwa kwa waya kwenye kompyuta, na kalamu tumboni. Katika Logo ya Kifaransa mtoto anaandika AVANCE 100, kobe anaenda mbele na kuacha mstari. Anaandika DROITE 90, kobe anageuka. Ukirudia hivyo mara nne, umepata mraba.

Hapa njo kuna jambo lenyewe. Mtoto akishindwa, Papert hakumwambia jibu. Alimwambia: simama, wewe mwenyewe kuwa kobe, tembea tuone. Mtoto anatembea, anageuza mabega, na mwili unamwonyesha pale amri ilipopotea. Na kosa halikuitwa ujinga. Kwa Kiingereza, watu wa kompyuta wanaliita mdudu. Sisi wa kilimo tunaelewa haraka: ukiona viwavi kwenye mahindi, hauchomi shamba wala haumpigi mkulima. Unafungua jani, unatafuta wako wapi, unatoa. Wazo la Papert lilikuwa tofauti na lile la wengi. Wengi walitaka kompyuta imfundishe mtoto. Yeye alitaka mtoto aifundishe kompyuta. Hayo yote aliyaandika mwaka 1980 katika kitabu chake "Mindstorms".

Afrika haikukaa mbali na hadithi hii. Mwaka 1981 Ufaransa ilifungua mu Paris kituo kikubwa cha informatiki, chini ya Jean-Jacques Servan-Schreiber. Papert na Nicholas Negroponte walienda kufanya kazi humo, na mwaka 1982 kompyuta za Apple II zilifika Dakar, kwa watoto wa shule wa Senegal. Lakini mu Paris kuliingia mabishano, wale wawili hawakukaa muda mrefu, na mwaka 1986 kituo kikafungwa. Nafikiri mnaona ninachoona. Ufunguo wa kabati ulikuwa mbali na darasa.

Upande mwingine, wanafunzi na wenzake Papert waliendelea ku MIT pamoja na kampuni ya Lego, na mwaka 1998 Lego ikatoa kartoni ya roboti yenye jina la kile kitabu, Mindstorms. Kartoni nyingi tunazoziona leo ni watoto na wajukuu wa ile. Kartoni ilisafiri dunia nzima. Wazo mara nyingi lilibaki nyuma. Hata sisi, mtu akisema roboti tunafikiri zile kubwa za Kinshasa zilizoanza kuongoza magari mwaka 2013, kazi ya enjenieri Thérèse Izay Kirongozi. Tunajivunia, na ni haki. Lakini kuangalia roboti barabarani hakumfundishi mtoto namna ya kuiamrisha.

Mwaka jana nilirudi ku shule ile ile, mikono mitupu. Nilimwomba mwalimu wa mwaka wa tano Jumamosi moja. Darasa lake limejaa sana. Tangu masomo ya bure yalipoanza 2019 sisi wote tunajua hali. Nilibeba kamba yetu ya kupandia mahindi, yenye mafundo, na kartoni niliyokata duara na kuandika alama 12 kama saa ya ukutani. Mtoto mmoja ni kobe. Wa pili anatoa amri. Wa tatu anafuata na kopo la majivu lenye tundu: hiyo njo kalamu.

Mraba ulitoka vizuri: mafundo manne mbele, geuka alama tatu, mara nne. Kisha nikaomba pembetatu yenye pande sawa. Walikuwa wamesoma kwamba pembe zake ni digrii 60, kwa hiyo wakaamuru alama mbili. Kobe akatembea pande tatu, akajikuta mbali na nyumbani. Wote wakacheka, mwalimu akainua sauti. Msichana mmoja akasema, "Muache aendelee." Kobe akaendelea, na kwa upande wa sita akafika alipoanzia. Chini kulikuwa umbo la chumba cha nyuki. Wakajaribu alama nne, pembetatu ikajifunga. Yule msichana akaangalia majivu, akahesabu na vidole: "Mwalimu, tatu mara nne ni 12. Mbili mara sita ni 12. Nne mara tatu ni 12. Kobe akitaka kurudi kwao, lazima azunguke saa nzima."

Nina lisansi, na sikuwahi kuliona hilo hivyo. Mwalimu naye alinyamaza, kisha akamwomba arudie mbele ya wote.

Sisemi kamba inatosha. Kamba si roboti. Siku moja wale watoto wanapaswa kushika mota, waya na programu ya kweli, kama watoto wengine wa dunia, na mimi nitatoa kotizasio yangu. Ila naomba mambo mawili kabla ya makuta. Kwanza, kartoni ikaenda, ufunguo ubaki na mwalimu wa darasa, na kifaa kikivunjika mkononi mwa mtoto mtu asiadhibiwe. Kimefanya kazi yake. Pili, tuhesabu kwanza watu, kisha pesa. Kila Jumamosi asubuhi ninahitaji wawili au watatu wa kwenda nami, wenye uvumilivu wa kumwacha mtoto akosee.

Makuta tutayatafuta. Nani ana Jumamosi?