Kuogelea na usalama majini

Mafunzo ya kuogelea ni maelekezo ya hatua kwa hatua yanayomwezesha mtu kujimudu majini: kuelea, kutawala pumzi, kusonga mbele na kutoka salama. Usalama majini ni maarifa ya kutambua hatari ya maji, kuzuia ajali na kumsaidia anayezama bila kujiponza. Mambo haya hukamilishana, lakini moja halitoshi badala ya jingine. Hodari wa bwawani aweza kushindwa na mkondo wa bahari, na asiyejua kuogelea akanusurika kwa kuwa alivaa jaketi la kuokolea.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, zaidi ya asilimia 90 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo hivyo.

Namna mtu anavyozama

Wengi hudhani anayezama hupiga kelele na kupunga mikono. Methali ya Kiswahili iko karibu zaidi na ukweli: mfa maji hukamata maji. Katika miaka ya 1970 Frank Pia, mwokoaji wa ufukweni New York, alieleza kwamba anayezama husimama wima majini, mdomo ukiibuka na kuzama, huku mikono ikiyakandamiza maji pande zote mbili. Hawezi kuita, kwa sababu muda ambao mdomo uko juu ya maji haumtoshi hata kuvuta hewa. Hali hiyo hudumu kwa sekunde 20 hadi 60 tu. Ndiyo maana mtoto huzama kimya, wazazi wakiwa hatua chache kando. Mtoto mdogo aweza kufa hata ndani ya ndoo: kichwa chake ni kizito kuliko uwezo wake wa kujiinua.

Hatua za mafunzo

Mwanafunzi huanza kwa kuzamisha uso na kupuliza mapovu, kisha hujifunza kuelea chali na kifudifudi. Mapafu yenye hewa huubeba mwili, lakini kiungo kilichoinuliwa juu ya maji hakibebwi tena. Kwa hiyo anayenyanyua kichwa na mikono kwa hofu hujididimiza mwenyewe. Baada ya kuelea huja kuteleza, kupiga miguu, kuvuta maji kwa mikono na kupumua kwa mpangilio.

WHO inapendekeza watoto kuanzia miaka 6 wafundishwe kuogelea, usalama majini na uokoaji salama. Kwa wadogo zaidi, ulinzi wa karibu ndio kinga kuu. Nchini Bangladesh vituo vya kulelea watoto vijijini hutumika kuwaweka mbali na madimbwi wakati wazazi wako kazini. Nchini Uholanzi, mtihani wa cheti cha kwanza, A, hujumuisha kuogelea na nguo mwilini, kwa kuwa anayetumbukia mferejini hupata ajali akiwa amevaa.

Kwa watu wazima kikwazo kikubwa mara nyingi ni woga. Misuli hukakamaa na pumzi huwa fupi, hivyo mwalimu mzuri huanza kwenye maji ya kiunoni, mahali ambapo mwanafunzi anaweza kusimama wakati wowote.

Bahari, ziwa na mto

Bwawa lina kina kinachojulikana. Maji ya asili hubadilika. Pwani, nguvu ya maji kujaa na kupwa huongezeka wakati wa bamvua. Aliyevutwa na mkondo unaoelekea baharini hapaswi kushindana nao: aelee, kisha aogelee sambamba na ufuko hadi atoke ndani yake. Ziwani, upepo wa ghafla hupindua mitumbwi; mtoni, mafuriko huficha magogo na mashimo.

Uokoaji

Msaada wa kwanza hutolewa kutoka nchi kavu: kuita watu, kunyoosha ufito, au kurusha dumu tupu lililozibwa na kufungwa kamba. Anayemrukia mfa maji bila mafunzo huweza kukumbatiwa wakazama wote. Aliyetolewa akiwa hapumui hupuliziwa pumzi mdomoni kwanza, kisha hukandamizwa kifua mara 30 kwa kila pumzi 2. Kumminya tumbo ili atapike maji hupoteza muda na huweza kumpalia.

Afrika Mashariki

Ajali za vyombo vilivyojaza abiria kupita kiasi zimeacha misiba mikubwa: MV Bukoba katika Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, MV Spice Islander I karibu na Nungwi, Zanzibar, Septemba 2011, na kivuko cha MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, kikiwa karibu kufika gatini katika kisiwa cha Ukara, Ziwa Viktoria.

Huko Nungwi, mradi wa Panje Project umewafundisha wasichana waliokua kando ya bahari bila kuiingia namna ya kuogelea na kuokoa. Kikwazo kimoja kilikuwa mavazi: vazi la kawaida la kuogelea halikuendana na maadili ya mahali hapo. Mradi ukawapa mavazi yanayostiri mwili mzima, na baadhi ya waliojifunza wamekuwa walimu wa wenzao.