Breki zilifeli

Nimepotea kidogo, kazi zimebana. Leo naomba tuache siasa pembeni niongelee kitu ambacho wengine mtasema ni cha mafundi: breki. Hasa ile taa nyekundu ya dashibodi yenye duara na alama ya mshangao, ambayo kwenye magari mengi ya huku kwetu Shinyanga na Geita inawaka mwaka mzima na hakuna anayeijali.

Juzi nilikuwa napekua habari zangu za zamani za ajali. Nikakuta maneno "gari lilifeli breki" nimeyaandika mara kumi na moja. Kamanda anasema, mimi naandika, mhariri anapitisha, kesho yake watu wanafungia maandazi. Sikuuliza hata mara moja: zilifelije? Ni sawa na kuandika kwamba marehemu alifariki kwa sababu moyo ulisimama. Kweli, ulisimama. Lakini kwa nini?

Na mimi nilipaswa kuwa mtu wa mwisho kuandika hivyo, maana nilishakuwa ndani ya gari lililofeli breki.

Ilikuwa mwaka 2008, nikiwa shule ya msingi. Mjomba wangu alikuwa na Land Cruiser pickup, HJ75, gari la mwaka 1987, linapeleka mchele wa Kahama kwa wachimbaji wa Geita kwa njia ya Kakola na Bukoli. Vumbi tupu. Mbele tulikaa mimi na mjomba, nyuma juu ya magunia alikaa utingo, kijana wa miaka kama kumi na tisa hivi. Taa ya breki ilikuwa inawaka kama kawaida yake, miezi mingi sasa, kwa sababu swichi ya hendibreki ilikuwa mbovu. Tulipopita Bukoli ikawaka nyingine, ya betri. Mjomba akasema, "Hiyo tutaiangalia Geita." Tukaendelea.

Karibu na Geita, nchi inaacha kuwa tambarare kama kwetu, inaanza milima. Kwenye mteremko mmoja mjomba akakanyaga breki. Akakanyaga tena, akapampu haraka haraka, kama mara nne. Nakumbuka sauti yake: "Imekuwa jiwe!" Akarudisha gia, gari likanguruma, halikutosha. Akaliingiza kwenye kichuguu pembeni ya shamba la pamba. Mimi nilitoka na jino moja pungufu. Utingo alirushwa na magunia yakamfuata. Mfupa wa paja ulivunjika na mpaka leo anachechemea.

Ripoti ilisema breki zilifeli. Ila fundi aliyelivuta gari alishangaa: mafuta ya breki yalikuwa yamejaa kwenye kikopo chake, hakuna paipu iliyopasuka, hakuna gurudumu lililolowa. Mkanda wa alternator ulikutwa umekatika, wakasema umekatika kwenye kishindo. Mjomba akauza gari kwa bei ya vyuma, na tangu siku hiyo hajashika usukani. Ameishi miaka yote hii akiamini kuna kitu alikizembea kwenye masta silinda.

Sasa tuingie kwenye historia, maana bila hiyo huwezi kuelewa kile kichuguu.

Mjomba alijifunzia gari Mwadui miaka ya 1970. Mwadui mnaijua: ni ule mgodi wa almasi ambao Dk. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aliugundua mwaka 1940, na ndiko ilikotoka almasi ya rangi ya waridi aliyozawadiwa Binti Mfalme Elizabeth mwaka 1947. Mwaka mmoja tu baada ya zawadi hiyo, Aprili 1948, Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam. Halafu ikaja huku. Maafisa wa pamba, mabwana mifugo, wapimaji wa madini, mapadri, polisi, wote Land Rover. Aliyejifunza gari usukumani enzi hizo, kuna uwezekano mkubwa mguu wake ulifundishwa na Land Rover 109.

Na Land Rover hizo zilikuwa na breki za namna yake. Dramu magurudumu yote manne. Nyingi hazikuwa na busta, yaani nguvu ya kusimamisha gari ilikuwa ni ya paja lako. Mfumo wa mafuta ulikuwa mmoja, kutoka masta silinda hadi magurudumu yote, kwa hiyo paipu moja ikipasuka umebaki na hendibreki na sala. Shuu zikilika zinakuwa mbali na dramu na hazijikazi zenyewe, inabidi fundi aingie uvunguni na spana. Matokeo yake, ukikanyaga mara ya kwanza pedali inazama karibu na sakafu. Ukikanyaga ya pili kabla shuu hazijarudi nyuma, pedali inapanda. Ya tatu, gari linasimama.

Ndiyo maana madereva wa zamani wote wanapampu. Hawakufundishwa vibaya. Kwa gari lile, kupampu ndiko kulikookoa maisha yao, na wakawafundisha wadogo zao, ambao wametufundisha sisi. Muulize baba yako.

Taa je? Haikuwepo. Yenyewe ilikuja kwa sababu ya kugawanya mfumo wa mafuta. Breki za mafuta kwenye magurudumu yote manne ya gari la kuuzwa zilianza na Duesenberg ya Marekani mwaka 1921, na kwa miaka arobaini watu waliridhika na njia moja. Mwaka 1962 Cadillac na American Motors wakaanza kufunga masta silinda yenye vyumba viwili, ili upande mmoja ukivuja mwingine usimamishe gari. Jambo zuri, lakini lina mtego: dereva anaweza kutembea wiki nzima na nusu ya breki bila kujua, kwa sababu gari bado linasimama, kwa shida kidogo. Basi kuanzia Januari 1968 sheria ya Marekani ikataka magari madogo mapya yawe na mfumo uliogawanywa pamoja na taa ya kumwambia dereva. Zamani ndani yake mlikuwa na kipistoni kidogo kilichokaa katikati ya pande mbili. Presha ya upande mmoja ikianguka, kinasukumwa, kinagusa waya, taa inawaka. Baadaye wengi wakahamia kwenye boya linaloelea ndani ya kikopo cha mafuta. Mafuta yakipungua boya linashuka, taa inawaka.

Kwa hiyo taa ikiwaka na kuzimika unapokata kona au kupanda mlima, mara nyingi ni mafuta yanayocheza kwa sababu yamepungua. Na yakipungua si lazima kuna mahali panavuja: pedi zikilika, pistoni zinatoka nje zaidi na mafuta yanazifuata. Ukijazia tu bila kuangalia pedi, umemziba mdomo shahidi. (Msijazie oili ya injini, jamani. Inavimbisha raba zote na utanunua mfumo mzima. Nimeshuhudia kwa macho yangu pale Kahama.)

Tukaja kwenye Land Cruiser. Jina hilo lilianza kutumika 1954, ila kwetu huku ilitawala baadaye sana, na mashirika ya misaada yalichangia mno. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu kama robo milioni walivuka Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja hivi, na magari meupe yakajaa Ngara na Mwanza. Kambi zilipofungwa, mengi yakaishia mnadani. La mjomba lilitoka huko, ukikwangua rangi ya bluu unakuta nyeupe. Miaka michache mbele Geita ikafunguliwa upya kama mgodi mkubwa, mwaka 2000, Bulyanhulu ikafuata 2001, na kila mwenye Land Cruiser ya mnada akapata mzigo wa kubeba.

Gari hilo lina busta. Busta ni debe la duara nyuma ya masta silinda, linalotumia ombwe, yaani hewa iliyonyonywa, kukusaidia kukanyaga. Injini ya petroli inatengeneza ombwe yenyewe inapopumua. Dizeli haiwezi, inahitaji pampu yake. Na kwenye dizeli nyingi za Toyota za miaka ile, kama 3B na hiyo 2H ya mjomba, pampu hiyo imefungwa mgongoni mwa alternator. Mkanda mmoja unazungusha vyote viwili.

Mmeshaona?

Mwezi uliopita nilikaa na fundi mmoja mzee wa Shinyanga mjini nikamsimulia ajali yote, bila kumwambia ni ya nani. Nilipofika kwenye taa ya betri akanyanyua mkono. "Mkanda ulikatikia Bukoli," akasema. "Mlitembea bila pampu." Taa ya betri iliwaka kabla ya mteremko, kwa hiyo mkanda haukukatika kwenye kichuguu. Pedali ikiwa laini na kuzama, tafuta mafuta au hewa. Ikizama polepole huku umeishikilia na hakuna panapovuja, ni raba za masta silinda. Lakini ikiwa ngumu kama jiwe, mafuta yapo na breki zipo, kilichokosekana ni msaada.

Halafu akasema kitu kilichoninyima usingizi. Busta ina vali inayofungia ombwe ndani. Hata pampu ikifa, akiba inabaki, ya kutosha kukanyaga kwa nguvu mara moja, labda mbili. Kila unapoachia pedali unaitumia. Dereva anayekanyaga mara moja na kushikilia, huku anarudisha gia, ana nafasi nzuri. Anayepampu ameimaliza akiba yote ndani ya sekunde tatu.

Na swichi ya ombwe ilikuwepo, ya kuwasha ileile taa nyekundu. Bila shaka iliiwasha. Ila taa ilikuwa imeshawaka tangu mwaka uliopita kwa ajili ya swichi ya hendibreki ambayo ingebadilishwa kwa bei ya soda chache.

Nilienda kwa mjomba Jumapili. Mwangaluka, mwangaluka, tukala, tukanywa chai. Nilisitasita sana. Nilijiuliza kama ni haki kumwambia mzee wa miaka sabini na kitu kwamba breki zake zilikuwa nzima. Nikamwambia. Nikamchorea kwenye daftari: alternator, pampu, mpira, busta. Alilitazama lile daftari muda mrefu.

"Kwa hiyo, mjomba, ningekanyaga mara moja tu nikang'ang'ania?"

Nikasema ndiyo, pengine.

"Mwadui ungekanyaga mara moja tu ungekufa," akasema. Akautazama tena ule mchoro. Halafu akaniuliza kama yule kijana bado ana duka la spea kule Katoro, na kama naweza kumpatia namba yake ya simu.