Komamanga, Tunda la Mbegu Nyingi

Ukipaza sauti sokoni Goma na kusema "grenade", hakuna atakayeuliza bei. Watu watakimbia. Tangu vita vilipoanza Kivu mwaka 1996, neno hilo la Kifaransa limekuwa neno la hofu katika nyumba zetu. Lakini je, wajua kwamba hapo kwanza lilikuwa jina la tunda?

Tunda hilo kwa Kiswahili ni komamanga. Mti wake si mkubwa. Una miiba, majani membamba yanayong'aa na maua mekundu. Tunda lina ganda gumu, na kichwani lina kitu kama taji. Ukilipasua utakuta mamia ya mbegu, kila moja imevikwa nyama nyekundu yenye maji matamu na uchachu kidogo. Mkomamanga hupenda joto na ukavu wakati wa kuivisha matunda. Kwa hiyo nchi yetu ya mvua nyingi haiufai sana.

Asili yake ni upande wa Uajemi. Waisraeli waliujua tangu kale. Wapelelezi wa Musa walirudi kutoka Kanaani wakichukua zabibu, makomamanga na tini. Katika upindo wa joho la kuhani Haruni yalifumwa makomamanga ya nyuzi za rangi, na kati yake kengele za dhahabu. Hata nguzo za Hekalu la Sulemani zilipambwa kwa makomamanga ya shaba.

Na Waswahili je? Jina lenyewe laonyesha njia. Watu wa pwani waliita Arabuni, hasa Omani, kwa jina la Manga. Na huko Omani, katika milima ya Jebel Akhdar, mikomamanga yalimwa hata leo. Neno lilisafiri pamoja na Kiswahili mpaka kwetu bara, ingawa wengi wetu hatujalionja tunda.

Basi silaha ilipataje jina lake? Katika karne ya 16, askari wa Ulaya walikuwa na bomu dogo la kutupa kwa mkono. Wakalifananisha na komamanga: ganda nje, punje nyingi ndani, tayari kutawanyika.

Miaka kama 900 kabla yao, Mtakatifu Gregori Mkuu, aliyekuwa Papa tangu 590 hata 604, alilitaja tunda lilo hilo katika kitabu chake juu ya kazi ya wachungaji. Yeye aliona jambo jingine kabisa. Aliona mbegu nyingi zikilindwa na ganda moja, kama vile umoja wa imani unavyoyakusanya mataifa yasiyohesabika ndani ya Kanisa.

Nasi wa Goma, tunaoketi Dominika katika kanisa moja, Mnande na Mhunde, Mhutu na Mtutsi, Mshi na Mnyanga, tujiulize: sisi ni komamanga la askari, au la Gregori?