Mwalimu Aliyefuatwa Mkekani

Katika miji ya pwani yetu, tangu Lamu na Pate hadi Mombasa, Unguja na Kilwa, mtoto aliyefikia umri wa kukaa kitako bila kumlilia mama alishikwa mkono na mzazi wake akapelekwa chuoni, ndiyo madrasa ya Kurani, na huko, juu ya mkeka uliotandikwa ukumbini au barazani, akakutana kwa mara ya kwanza na mtu asiye mama yake wala bibi yake ambaye alikuwa na haki ya kumwamrisha. Vyuo vya namna hiyo aghalabu havikuwa na jengo la pekee wala daftari ya mahudhurio. Vilikuwa nyumba za watu, na miongoni mwa waliowasomesha wale wadogo kabisa walikuwamo wanawake, waliofundisha alifu na bee huku sikio moja likisikiliza chungu jikoni. Mtoto aliandika juu ya ubao, akafuta, akaandika tena, hata akaifikia juzuu ya Amma, na siku ya kuhitimu ikawa furaha ya mtaa mzima.

Mwalimu yule, ambaye mikononi mwake zilipita roho changa za vizazi viwili au vitatu, hakupata kufundishwa namna ya kufundisha. Alijifunza kwa kukaa nyuma ya mwalimu wake, kwa kuwasikiliza wadogo somo lao alipokuwa yeye mkubwa wa chuo, na kwa kuiga; ilimu ya Kitabu aliipokea kwa mnyororo madhubuti, kutoka kinywa hata kinywa, lakini ilimu ya mtoto mwenyewe, kwa nini huyu hunena mapema na yule huchelewa, kwa nini huyu huuma wenziwe na yule hujificha pembeni siku nzima, hiyo aliiokota njiani, akisaidiwa na huruma yake, na pale huruma ilipopungua, na bakora. Simlaumu hata kidogo. Ujerumani yenyewe, Friedrich Fröbel hakuipa shule yake jina la bustani ya watoto mpaka mwaka 1840, na Maria Montessori, aliyekuwa tabibu kabla ya kuwa mlezi, alifungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907. Fikira kwamba kumlea mtoto wa miaka mitatu ni taaluma yenye daraja zake, inayohitaji kusomewa kama sheria au utabibu, ni changa duniani kote.

Wakati wa ukoloni, shule za nasari zilipoanza kuonekana Kenya katika miaka ya 1940, zilikuwa za watoto wa Kizungu na wa Kihindi. Mtoto wa Mwafrika, kama alipata chochote, alipata kibanda kando ya shamba la kahawa au la chai, ambamo bibi mmoja aliwachunga wengi mpaka mama zao warudi kutoka kuchuma; na katika miaka ya 1950, katika vijiji vya hali ya hatari vya Ukikuyu, vituo vya jinsi hiyo viliongezeka kwa kuwa mama walitolewa kwenda kazi za kulazimishwa. Humo mtoto alilindwa, hakufunzwa, na mlinzi wake hakudaiwa kujua zaidi ya kuhesabu vichwa asubuhi na kuvihesabu tena jioni. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 na mwito wa harambee ukaenea nchini, akina mama walijenga nasari kwa udongo na makuti, chini ya miti na ndani ya kumbi za makanisa, kwa kasi ambayo serikali haikuweza kuifuata. Na mwalimu wa nasari hizo akawa msichana yeyote wa kijiji ajuaye kusoma, asiye na kazi nyingine, aliye radhi kupokea ujira wa senti chache zilizochangwa na wazazi.

Ndipo mwaka 1971 ulipoanzishwa, katika Taasisi ya Elimu ya Kenya, mradi wa elimu ya watoto wadogo kwa msaada wa wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, na kwa zaidi ya miaka kumi wataalamu wake wakatafuta jawabu la suali moja: utawafunzaje maelfu ya walimu ambao wamekwisha kuwamo kazini, ambao wakiondoka shule hufungwa, na ambao hawana nauli wala karo ya kukaa chuo cha ualimu miaka miwili? Jawabu lililopatikana lilikuwa jepesi kulinena na zito kulitenda. Mwaka 1984 kikaanzishwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo, na mwaka 1985 vikaanza kuzaliwa vituo vya wilaya. Na mwalimu akawa akiitwa katika likizo za Aprili, Agosti na Disemba, akakaa na wenziwe majuma kadhaa akisoma makuzi ya mtoto, lishe, afya na utengenezaji wa vifaa, kisha akarudi kwa watoto wake, na mkufunzi wa wilaya akamfuata huko huko kumtazama akifundisha. Walimu hao walitakiwa pia kukusanya hadithi, nyimbo na vitendawili vya wazee wa kwao, vikaandikwa katika lugha za mama na kurudishwa darasani. Jambo ambalo naliona kuwa la fahari kubwa, kwa kuwa msichana aliyedhani anakwenda kupewa ilimu ya wageni alikuta nusu ya kitabu chake iko kinywani mwa bibi yake.

Huku pwani palikuwa na fundo la pekee. Wazazi Waislamu walizitazama nasari kwa wasiwasi, kwa kuwa nyingi zilikuwa chini ya makanisa, na kwa kuwa saa za asubuhi zilikuwa saa za chuo. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa amekwisha kuwaonya watu wa Mombasa katika gazeti lake la Al-Islah, tangu mwaka 1932, juu ya hatari ya kuyaacha maarifa ya zama mpya. Lakini nusu karne baadaye watoto wengi wa pwani bado walifika mlango wa darasa la kwanza wakakuta wenzao wameshajua kushika kalamu, na aliyeanza nyuma aliendelea nyuma, hata ikawa wanaofika vyuo vikuu ni wa kuhesabika kwa vidole. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa Mombasa walimwendea Aga Khan, imamu wa Waismailia, wakamwomba msaada, na mashauri yaliyofuata yakaufikia uamuzi ambao kwangu ndio kiini cha historia hii: badala ya kujenga shule mpya kando ya chuo, ufunguliwe mlango wa chuo chenyewe, mtoto apate chini ya paa moja dini yake na matayarisho ya shule.

Kazi hiyo alikabidhiwa mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said, na mwaka 1986 shule ya kwanza ikaanza Liwatoni. Bi Swafiya alijua kuwa mtaa hauwezi kuletewa mwalimu kutoka mbali ukamwamini. Kwa hiyo wazee na akina mama wa mtaa waliambiwa waunde kamati, watoe chumba, na wateue wenyewe wasichana wa kwao watakaofunzwa. Wengi walioteuliwa hawakuwa wamekwenda mbali shuleni. Katika kipimo cha vyuo vya ualimu vya serikali wasingepita mlangoni, na ndio hao waliokusudiwa kufikishwa katika daraja ya ustadi wa kazi ambayo mataifa makubwa huwapa wasomi wao.

Walifikaje? Kwanza walikusanywa kwa mafunzo ya awali, wakaonyeshwa chumba kilivyogawanywa kona kwa kona: hapa pa kujenga, pale pa vitabu, hapa pa nyumbani penye vikombe na kanga, pale pa mchanga na maji. Kisha walirudi mtaani, na mafunzo yenyewe ndipo yalipoanza. Mkufunzi aliwajia tena na tena, akaketi mkekani pamoja na watoto, akatazama bila kuingilia, na watoto walipokwenda zao akabaki na mwalimu wakayarejea ya siku ile. Mbona yule wa shati la kijani hakunena neno tangu asubuhi? Ulimuuliza suali au ulimpa jawabu? Kwa nini vifuu vimewekwa rafu ya juu ambayo mkono wa mtoto haufiki? Mazungumzo ya jinsi hii, yakirudiwa mwezi baada ya mwezi kwa muda wa miaka miwili hivi, humbadilisha mtu kuliko mihadhara mia, kwa sababu humlazimisha kumtazama mtoto aliye mbele yake, wala si mtoto wa vitabuni.

Vifaa vilitoka mlangoni pa nyumba. Vifuu vya nazi vikawa vyombo vya kupimia, vizibo vya soda vikawa hesabu, makombe ya pwani yakapangwa kwa ukubwa, mbegu zikatenganishwa kwa rangi, na vipande vya mbao vya mafundi seremala vikawa majumba na madau. Nyimbo za kuhesabu zilipata maneno ya Kiswahili na maadili ya Kiislamu, na siku ilifunguliwa kwa Bismillahi. Lakini mpango wa siku ulikuwa umechukuliwa mbali sana, kutoka Ypsilanti katika jimbo la Michigan, ambako David Weikart na wenziwe walianza mwaka 1962 kuwafunza watoto wa maskini kwa njia ya kumwacha mtoto apange mwenyewe atakalofanya, alitende, kisha alikumbuke na kulieleza mbele ya wenziwe. Kwa mwalimu aliyelelewa katika chuo ambamo mtoto hunyamaza mpaka aulizwe, sidhani kama palikuwa na somo gumu zaidi ya hilo. Kumwuliza mtoto wa miaka minne, "Leo wataka kufanya nini?", na kungoja jawabu lake kwa subira, ni kumpa heshima ambayo mwalimu mwenyewe hakuipata utotoni mwake.

Wazazi nao walihitaji kufunzwa. Mama aliyelipa ada akachungulia dirishani na kumwona mwanawe akimimina mchanga katika kifuu alikuwa na haki ya kuuliza kama amelipia mchezo, na ilikuwa kazi ya mwalimu kumweleza kuwa anayemimina anapima, anayepima anahesabu, na mkono ulioshiba mchanga ndio utakaoshika kalamu bila kutetemeka. Hapo ndipo ustadi wake ulipodhihirika. Kutenda jambo jema kwa mazoea ni karama ya wengi. Kulitolea hoja mbele ya mzazi mwenye mashaka, kwa lugha ya mzazi huyo, bila kumdharau, ni dalili ya mtu aliyehitimu katika fani yake.

Mwaka 1989 kituo cha kuwafunza walimu hao kikapata makao Mombasa, mwaka 1990 kikafunguliwa cha pili Zanzibar, na mwaka 1993 cha tatu Kampala, na shule zilizopita mikononi mwa vituo hivyo zikazidi mia mbili. Mwaka 2008 watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha matokeo ya uchunguzi wao huko Kenya, Zanzibar na Uganda: watoto waliosoma shule za awali walikuwa mbele ya waliobaki nyumbani, na waliosoma katika shule hizi za madrasa walipiga hatua zaidi kuliko waliosoma nasari nyingine. Walimu wenye vyeti vidogo vya shule walikuwa wamezaa matunda yanayopimika.

Laiti malipo yao yangelingana na matunda hayo. Ada za mtaa wa wavuvi na wachuuzi haziwezi kumweka mwalimu, na wengi waliofunzwa kwa taabu waliondoka kwenda shule zenye uwezo zaidi. Ilijaribiwa dawa ambayo watu wa pwani waliielewa upesi, kwa kuwa inafanana na wakfu wa misikiti yetu: mtaa uliotimiza masharti ulichanga fedha, ukaongezewa, zikawekwa amana pamoja na za mitaa mingine, na faida yake ikarudi kujaliza mishahara. Ilijaliza, haikutosha. Serikali zilikuja baadaye, Zanzibar kwa sera ya mwaka 2006 iliyoiingiza miaka miwili ya skuli za maandalizi katika elimu ya lazima, Tanzania Bara kwa sera ya 1995 na ile ya 2014 juu ya darasa la awali, na Kenya kwa katiba ya 2010 iliyozipa kaunti dhamana ya elimu hiyo, nazo zikaanza kuajiri walimu wake.

Siku hizi mtu aweza kusoma malezi ya watoto wadogo hata akapata stashahada, shahada na uzamili katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, nami naifurahia heshima hiyo iliyokawia. Hofu yangu ni moja tu. Naona vijana wakiandika tasnifu ndefu juu ya mtoto pasipo kukaa naye asubuhi moja, na walioelimika zaidi wakipandishwa kwenda ofisini, mbali na chumba walichokisomea, hali mwalimu wa mtaani akiachiwa semina ya siku mbili hotelini na karatasi ya kushiriki. Ikiwa fedha ni chache na hapana budi kuchagua, basi nauli ya mkufunzi mmoja mwenye subira, atakayevuka kivuko cha Likoni au kupanda gari la Micheweni huko Pemba kila mwezi akaketi pembeni mwa mkeka na daftari lake, naitanguliza mbele ya ukumbi wa semina. Na atakapofika amkute mwalimu bado yupo, amelipwa mshahara wa mwezi uliopita.